Uzi maalumu: Nyimbo bora za Freddie Mercury, na wapi zinawakwamisha wanaojaribu kuzipiga

#1 KinandaBubu (mleta uzi)

Wakuu, kila Septemba 5 (siku aliyozaliwa) na Novemba 24 (siku aliyofariki) orodha za nyimbo za Freddie humwagika mitandaoni, na karibu zote zina kasoro ileile: zinachanganya alizoimba na alizotunga. Queen, bendi yake ya roki, walikuwa watu wanne na wote wanne walitunga. "We Will Rock You" ni ya Brian May, mpiga gitaa. "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free" ni za John Deacon, yule mpiga besi asiye na makuu. "Radio Ga Ga" ni ya Roger Taylor, mpiga ngoma. Freddie aliziimba ipasavyo, lakini kichwa kilichozizaa si chake. Wala hahitaji kuazima sifa: kwenye Greatest Hits ya 1981, toleo la Uingereza, nyimbo ni 17 na 10 kati ya hizo ametunga yeye.

Sharti la uzi ni moja. Ukitaja wimbo, tuambie una nini ndani: ufunguo, mapigo, walivyourekodi, na mtu akiujaribu anakwama wapi. "Ngoma kali sana" peleka uzi mwingine.

Orodha yangu, kwa ubora, si kwa miaka: "Somebody to Love" (1976), "Bohemian Rhapsody" (1975), "Killer Queen" (1974), "Don't Stop Me Now" (1978), "You Take My Breath Away" (1976), "The March of the Black Queen" (1974), "We Are the Champions" (1977). Nje ya Queen, "Barcelona" (1987) peke yake.

Najua nitapigwa mawe kwa kuiweka "Bohemian" ya pili. Sababu ni hii. "Bohemian" ni vipande vilivyoshonwa pamoja, na mshono unaonekana, hata kama fundi alikuwa hodari. "Somebody to Love" ni kitambaa kimoja tangu mwanzo. Iko A-flati, mapigo 12 kwa 8, na piano inaanza na besi inayoshuka ngazi kwa ngazi: A-flati, G, F. Kwa wanaosoma solfa: d, t, l. Mtu yeyote wa kwaya ataitambua hatua hiyo hata akiwa amelala. Freddie alikuwa anamsujudia Aretha Franklin, na hapo alitaka sauti ya kanisa la Wamarekani weusi. Kilichokuwepo studio ni makoo matatu tu: lake, la Brian na la Roger, yakirekodiwa juu ya yenyewe tena na tena hadi ikawa kwaya nzima.

#2 SanturiMbili

Mkuu KinandaBubu, hapo kwenye mshono unaoonekana sikubaliani nawe. Angalia jinsi "Bohemian" inavyotoka kwenye balladi kwenda opera. Solo ya gitaa iko E-flati. Ikiisha tu, piano inakuja na vigongo vifupi vifupi vya A kubwa. E-flati hadi A ni toni tatu kamili, yaani nusu ya oktavu, na hakuna ufunguo ulio mbali na mwenzake kuliko hapo. Mtunzi wa kawaida angejenga daraja la kodi (noti zinazopigwa pamoja) nne tano kuwapitisha wasikilizaji polepole. Yeye amekata kwa kisu, na sikio linaelewa papo hapo kwamba tumeingia chumba kingine. Huo mshono umeachwa wazi kwa makusudi.

Halafu funguo zenyewe: mwanzo B-flati, solo E-flati, opera A, kisha roki inarudi E-flati, na mwisho unatua F pamoja na ile sahani kubwa ya shaba anayoigonga Roger. Dakika 5 na sekunde 55, na hakuna kiitikio hata kimoja. EMI, kampuni yao ya rekodi, waliona ni ndefu mno kwa redio, mpaka mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio alipoipiga mara 14 wikiendi moja. Ikakaa namba moja Uingereza wiki 9, na baada ya kifo cha Freddie 1991 ikarudi namba moja wiki 5 nyingine.

Kwangu hiyo ni ya kwanza, na ya pili iko mbali nyuma.

#3 Mdau_wa_Jioni

Radio Ga Ga hamjaiweka?? Uzi wa kishamba huu.

#4 KinandaBubu

Soma tena aya ya kwanza, mkuu. Taratibu.

#5 FundiMitambo

Ngoja nieleze upande wa mitambo, maana hapo maneno ya vijiweni ni mengi.

"Bohemian" walianza kuirekodi Agosti 1975 Rockfield, studio ya shambani kule Wales, kisha wakamalizia kwenye studio nyingine kadhaa. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker. Walianza na msingi: piano, besi na ngoma. Pale opera ingekaa waliacha pengo tupu kwenye tepu, maana sehemu hiyo ilikuwa kichwani mwa Freddie tu.

Tatizo likawa nafasi. Mashine ilikuwa ya traki 24, yaani njia 24 za kurekodia. Ukiondoa vyombo, zinabaki chache. Sasa unataka sauti tatu, kila moja irudiwe mara kadhaa ili inenepe, kisha harmonia nyingine juu yake. Haziingii. Dawa yake enzi hizo ni kuminya: unachukua traki nane zenye sauti, unazichanganya, unazirekodi kwenye traki moja au mbili, halafu unafuta zile nane na kuanza upya. Faida ni nafasi. Hasara ni mbili. Kwanza, ukishaminya huwezi kurudi nyuma. Kama sauti ya Brian ilikuwa juu mno, itabaki juu milele. Pili, kila kizazi cha nakala kinaongeza mvumo na kinakula makali ya juu. Tena tepu yenyewe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Ikipita kwenye vichwa vya mashine mamia ya mara, unga unabanduka. Ile hadithi kwamba tepu ilibaki nyembamba mpaka mwanga unapenya ni ya kweli, na wenyewe wameisimulia zaidi ya mara moja. Hesabu inayotajwa ni takriban tabaka 180 za sauti.

Mgawanyo wa makoo: Freddie katikati, Brian chini, Roger juu. Ile noti kali inayofunga opera, B-flati ya juu kabisa, ni ya Roger. Watu wengi wanampa Freddie.

Ushauri wa kusikiliza: acha spika ya simu. Yale majina ya kuitana kwenye opera yamegawanywa kushoto na kulia, moja linajibu jingine kutoka upande wa pili. Spika moja inayaua. Vaa hedifoni, hata za bei ya chini, mradi zote mbili zinafanya kazi.

Ujanja mwingine wao, mdogo lakini unachekesha: kwenye "Lazing on a Sunday Afternoon", albamu hiyohiyo ya A Night at the Opera, walitaka sauti ya gramafoni ya zamani. Hawakutumia kifaa cha maana. Sauti ya Freddie ilipelekwa kwenye hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati, na maikrofoni ikanasa kilichotoka kwenye kopo. Wimbo una dakika moja na sekunde chache tu, unaisha kabla hujakaa vizuri.

#6 BesiYaNne

Narudi kwenye "Somebody to Love", kwa sababu ndiyo pekee katika orodha ambayo kwaya ya sauti nne inaweza kuibeba bila bendi. Wanaotaka kuijaribu, haya ndiyo yanayoharibika.

Mapigo kwanza. Watu wanaihesabu kama moja-mbili-tatu-nne iliyonyooka na wimbo unageuka gwaride. Kila pigo lina tatu ndani yake: MO-ja-na, MBI-li-na. Kaeni na hilo dakika kumi bila noti yoyote. Na makofi yapigwe pigo la pili na la nne. Kwaya zetu zina kawaida ya kupiga la kwanza na la tatu, na hapo wimbo unakuwa mzito kama gunia.

Sehemu ya kati, ile inayorudia sentensi moja ("Find me somebody to love") tena na tena bila vyombo: inaanzia chini kabisa, kwa sauti ya kunong'ona, kisha inapanda kwa kuongezewa watu. Anza na besi na watu wawili tu wa tena (sauti ya juu ya wanaume). Mzunguko wa pili waingie watu wote wa tena, wa tatu alto, wa nne soprano. Kosa la kawaida ni kila mtu kuongeza nguvu kuanzia mzunguko wa pili, mkifika wa nne hamna pa kwenda. Kondakta awazuie. Nguvu itokane na idadi ya watu, kila mmoja abaki na sauti yake ileile.

Ufunguo: A-flati ni sawa kwa soprano zilizozoea, lakini mwimbaji kiongozi atateseka. Shusheni hadi F. Sauti za tena zitaimba kwa raha, na besi bado hazizami.

Jambo la mwisho hapa: Freddie anaimba mbele kidogo au nyuma kidogo ya pigo, kwaya haimfuati. Kwaya inabaki kwenye mstari kama reli. Mkijaribu wote "kucheza" na mapigo kama yeye, itakuwa vurugu.

#7 Dada_Solfa

@BesiYaNne nakazia moja. Konsonanti. Sentensi ile inaanza na f na kuna d katikati. Watu 30 wakitamka d kwa nyakati 30 tofauti, inasikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Teueni watu wanne wa kuitamka, wengine waimeze.

#8 Mwana_wa_Shangani

Mnazungumzia Wales na London, naongezea kwao. Freddie alizaliwa Farrokh Bulsara, Mji Mkongwe, 1946, familia ya Kiparsi, baba akiwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza bendi, The Hectics, akiwa mpiga piano. Alirudi Unguja akiwa kijana, na 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, Uingereza. Barabara ya Kenyatta sasa kuna makumbusho yake, yalifunguliwa 2019.

Swali linalorudi kila mara: je, kuna taarab ndani ya muziki wake? Jibu la haki ni kwamba kwenye piano yake husikii. Piano yake ni ya masomo ya Kizungu, kumbi za vichekesho vya London na roki. Ila "Mustapha", inayofungua albamu ya Jazz ya 1978, ni kesi nyingine. Anaingia peke yake kama anayeita, bila chombo, na jinsi noti zinavyoruka inakumbusha hijazi, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu. Mtu wa udi ataguna. Maneno yake ni mchanganyiko wa Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza na mengine ya kubuni tu. Wanaodai kuna Kiswahili ndani yake wasikilize upya.

Na "Bismillah" katika "Bohemian": wageni wanaichukulia kama neno la uchawi. Kwa msikilizaji wa pwani ni neno la kuanzia chakula, na hapo limewekwa katikati ya mabishano ya kwaya mbili. Linachekesha zaidi ukilijua.

Orodha yangu lazima iwe na "Mustapha". Si kwa uzalendo. Ni mara chache mtu wa roki alithubutu kufungua albamu namna ile.

#9 SanturiMbili

Naunga mkono "Mustapha". Jukwaani alikuwa anatumia ule mwito wa mwanzo kuwachokoza watazamaji, kisha wanaingia wimbo mwingine kabisa.

#10 Kodi_Saba

KinandaBubu, tupe ya piano. Hapa wapo wanaotaka kupiga, si kubishana tu.

#11 KinandaBubu

Haya.

"Bohemian": ule mwanzo wa piano wa B-flati unategemea mkono wa kushoto kuvuka. Unapiga besi, kisha unaruka juu ya mkono wa kulia kugusa noti za juu, halafu unarudi chini kabla ya besi inayofuata. Wanaojifunza kutoka kwenye karatasi hulazimisha mkono wa kulia ufanye yote, na matokeo yake ni kukatika kwa mtiririko. Tazama video yake yoyote ya jukwaani, mkono unaonekana wazi. Kanyaga pedali, lakini badilisha kila kodi, la sivyo inakuwa uji.

"Don't Stop Me Now": F, mapigo 156 kwa dakika baada ya ule mwanzo wa taratibu. Kodi za mwanzo ni F, A-minor, D-minor, G-minor, C7. Hakuna cha kutisha. Cha kutisha ni mkono wa kulia kugonga kodi nzima kwa kasi ile dakika tatu mfululizo. Ukitumia nguvu ya bega utachoka kabla ya ubeti wa pili. Tumia kifundo cha mkono, vidole vikae karibu na vitufe. Piano ndiyo inayobeba wimbo wote. Kwenye toleo la albamu gitaa la Brian linangoja hadi solo. Kwa hiyo piano ikilegea hakuna wa kukuokoa. Kwa mwimbaji tatizo ni pumzi: mistari imefuatana bila mwanya. Weka alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi kabla ya mazoezi, kila mahali palepale.

"Killer Queen": inaanza na kupiga vidole, kisha piano mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye sauti ya bati kama ya baa za zamani, zimepandishwa moja juu ya nyingine. Brian alikuwa mgonjwa wakati wanairekodi, wakamwachia nafasi zake, akaja kuzijaza baadaye. Ndiyo maana gitaa linaingia na kutoka kwa adabu vile, kama mtu anayebisha hodi. Bendi zinazoicheza hukosea hapo: mpiga gitaa anajaza kila pengo, na wimbo unapoteza uzuri wake wote. Ilifika namba 2 Uingereza.

"You Take My Breath Away" imejengwa juu ya piano na sauti zake mwenyewe, zote amejirekodi. Aliipiga peke yake Hyde Park Septemba 1976 kabla albamu haijatoka. Kwenye piano si ngumu. Ugumu wake ni kwamba hakuna ngoma ya kukushika mkono.

"The March of the Black Queen" sitaifundisha hapa. Kuna sehemu mapigo ya nane na ya kumi na mbili yanatembea pamoja. Wao wenyewe hawakuwahi kuipiga nzima jukwaani.

#12 Kijana_wa_Redio

Swali la mtoto wa juzi: Freddie ni tena au baritoni (sauti ya kiume ya kati)?

#13 FundiMitambo

Aliimba kama tena kwa mwili unaoelekea ubaritoni. Mwaka 2016 watafiti wa sauti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa rekodi zake. Sauti yake ya kuongea, kutoka kwenye mahojiano, ilikuwa na wastani wa takriban hezi 117 (mitetemo kwa sekunde), kiwango cha baritoni. Katika kuimba walipata kuanzia F-shapu ya chini hadi G ya juu ya falseto (sauti nyembamba ya kichwani), nusu toni 37, yaani oktavu tatu na kidogo. Zile "oktavu nne" za vijiweni hawakuziona.

Kilichovutia zaidi ni mtetemo. Waimbaji wengi wanatetemesha kati ya mara 5.4 na 6.9 kwa sekunde. Wake ulikuwa karibu mara 7, na haukuwa sawasawa. Na ule mkwaruzo: walimtumia mwimbaji mwingine amwige, wakampiga picha kooni kwa kamera ya kasi, na wakaona tishu zilizo juu ya nyuzi za sauti zikitetema nazo pia. Kwa hiyo usijaribu kuupata kwa kukaza koo. Utaamka bila sauti.

Meno alikuwa na manne ya ziada nyuma, yakasukuma ya mbele. Hakuyang'oa, aliogopa sauti ingebadilika.

#14 Dada_Solfa

Na alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti tangu miaka ya sabini. Hilo linaeleza kwa nini jukwaani anashusha mistari ambayo studio alipandisha. "We Are the Champions" ni mfano: mstari wa pili wa kiitikio, ule unaopanda, jukwaani mara nyingi anaukwepa kwa kuimba chini, na watu wanaubeba wenyewe. Usimwige kwenye rekodi halafu ukashangaa kuumia, wakati mwenye wimbo mwenyewe alikuwa anajihadhari.

#15 SanturiMbili

Kwa wanaotaka sauti ya jukwaani: anzeni na Montreal, Novemba 1981. Sauti iko safi, bendi ni watu wanne, mengi ni ya papo kwa papo. Wembley 1986 ni kubwa zaidi kwa macho, kwa masikio naona Montreal inashinda.

Live Aid, lile tamasha la hisani la Julai 13, 1985, ina sifa zake zote stahiki: kama dakika 21, wakaikata "Bohemian" kabla ya opera. Hawakuwa na jinsi. Opera haikuwahi kuimbwa jukwaani. Kwenye maonyesho yao ya kawaida walikuwa wanaondoka, tepu inacheza, kisha wanarudi na sehemu ya roki. Kwa dakika 21 huwezi kupoteza muda kwa tepu. Waliingia na piano, watu wakaimba, wakahamia "Radio Ga Ga" moja kwa moja. Mdau_wa_Jioni, furahi.

#16 Mdau_wa_Jioni

Nimefurahi.

#17 Mtu_wa_Munich

Mmeisahau miaka ya themanini kana kwamba hakuwepo. "Crazy Little Thing Called Love" (1979) aliitunga akiwa bafuni hotelini Munich, akaichukulia gitaa ambalo mwenyewe alikiri halijui vizuri. Hapo ndipo utamu ulipo: kodi chache, hakuna nafasi ya madoido. Ilikuwa namba moja yao ya kwanza Marekani. Brian aliacha gitaa lake alilojitengenezea na kutumia Fender kwa solo, kwa shinikizo la prodyuza Reinhold Mack, na alikuwa sahihi.

Albamu aliyoitoa peke yake bila Queen, Mr. Bad Guy ya 1985, inadharauliwa kupita kiasi. "Living on My Own" ina mistari ya sauti isiyo na maneno, ya kuchezea ulimi kama wa jazi. Asili yake 1985 haikufika mbali, ikaishia namba 50 Uingereza. Remiksi ya 1993 ikawa namba moja. Sikilizeni ya asili kwanza. Remiksi imeibana kwenye mapigo ya disko na ule mchezo wa ulimi umebaki pambo.

#18 KinandaBubu

Nakubali kuhusu "Crazy Little Thing". Mr. Bad Guy bado hapana: sinthesaiza nyingi, na hakuna mtu chumbani wa kumbishia. Brian na Roger walikuwa wanambishia, ndiyo faida ya bendi.

"Barcelona" inanusurika kwa sababu Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera, yupo kumbishia. Aliitunga na Mike Moran, 1987. Freddie hajaribu kuimba opera. Anabaki mwimbaji wa roki na anamwachia mama yule dari. Tafuteni toleo la albamu lililorekebishwa 2012: lile la mwanzo vyombo vingi ni sinthesaiza, la 2012 wameweka okestra halisi chini ya sauti zilezile.

#19 BesiYaNne

Na za mwisho? Kanuni yako ya "aliyetunga" inavunjika hapo, mkuu. Kuanzia The Miracle ya 1989 nyimbo zote ziliandikwa kwa jina la Queen, wote wanne.

#20 KinandaBubu

Kweli, hapo imenikamata. "The Show Must Go On" kwa sehemu kubwa ni ya Brian, inajulikana. Lakini kuiacha nje kwa sababu ya karatasi ni ukaidi. Iko B-minor, na katikati inapandishwa toni nzima hadi C-shapu-minor, pale ambapo mwimbaji mzima angeomba maji. Brian aliimba mfano wake kwa falseto akidhani Freddie hataweza, maana 1990 alikuwa anatembea kwa shida. Aliiimba kwa sauti ya kifua. Singo ilitoka Oktoba 1991, wiki sita kabla ya kifo. Naiingiza ya tatu, "Killer Queen" inashuka.

#21 SanturiMbili

"Mother Love" pia, kama tunasema uimbaji. Montreux, Mei 1991, mistari michache kwa wakati mmoja juu ya mashine ya ngoma. Ubeti wa mwisho anaimba Brian kwa sababu Freddie alisema atarudi kuumalizia na hakurudi. Ilitoka 1995 kwenye Made in Heaven. Sauti ya kifua mpaka mwisho. "A Winter's Tale" ya hapohapo ndiyo utunzi wake wa mwisho, ziwa na milima tu, hakuna malalamiko.

#22 Kodi_Saba

Nimeweka alama. Swali la kazi sasa: bendi ya hotelini, mwimbaji baritoni, piano, gitaa, besi, ngoma. Nyimbo tatu za Freddie. Zipi, na kwa ufunguo gani?

#23 KinandaBubu

Fungua na "Crazy Little Thing", iacheni D kama ilivyo. Beti ni D, G, C. Daraja ndilo linaloangusha: G, C, G, kisha B-flati, E, A. Gitaa likichelewa kwenye B-flati, wimbo wote unayumba, kwa hiyo zoezeni hizo kodi tatu peke yake. Mapigo yawe ya kubembea. Mpiga ngoma akinyoosha mmekwisha.

Ya pili "Love of My Life". Kwenye albamu ina piano, na kinubi ambacho Brian alikirekodi kodi moja moja kwa sababu kilikuwa kinatoka kwenye tuni kila mara. Nyie msihangaike, fuateni toleo lao la jukwaani: gitaa moja na sauti. Piano na ngoma wapumzike.

Fungeni na "We Are the Champions", imeshushwa nusu toni tatu. Mapigo 6 kwa 8. "Don't Stop Me Now" msiiguse mpaka mwimbaji awe na mwaka mzima wa mazoezi ya pumzi.

#24 Dada_Solfa

Mkiishusha "Champions" hivyo, beti inaanza A-minor na kiitikio kinatua D. Pale panapopanda kuelekea kiitikio, besi asitangulie D kabla ya mwimbaji. Akae kwenye A mpaka neno la kwanza litoke.